Jina refu, bafa fupi: historia ya programu zilizofurika

Zamu hii ya kuandika imeangukia kundi letu la kompyuta, basi mtuvumilie, kuna mambo ya mashine humu ndani. Lakini si ya mashine peke yake. Kuna habari ya majina yetu, na hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Sisi wa Rukoki hatuhitaji kamusi ili kuelewa neno kufurika. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka Rwenzori, ukapita Kilembe na kuingia Kasese, umebeba mawe na magogo. Mei 2020 ukarudia. Mto wenyewe haukuwa unatafuta nyumba ya mtu. Maji yalizidi nafasi iliyokuwepo, basi yakachukua nafasi ya jirani. Programu ya kompyuta nayo inafurika hivyo hivyo: data inayoingia inazidi nafasi iliyotengwa, inamwagikia kwa jirani, na jirani anaharibika bila hata kujua maji yametoka wapi.

Hiyo nafasi iliyotengwa inaitwa bafa. Ni kipande cha kumbukumbu ya kompyuta (sisi tuliotoka upande wa Beni na Butembo tulizoea kusema ordinateri, ni kitu kimoja) ambapo programu inapokea kitu kutoka nje kabla ya kukifanyia kazi: jina lililoandikwa kwenye kibodi, ujumbe uliotoka kwenye simu, namba zinazoletwa na mashine nyingine. Fikirieni bidoni ya lita 20 chini ya bomba. Mwenye macho anafunga bomba ikijaa. Asiyetazama anaendelea, na maji yanaingia kwenye gunia la unga lililowekwa pembeni. Kumbuka hilo gunia, tutalirudia.

Tuanze mwanzoni. Mapema katika miaka ya 1970, huko Bell Laboratories, Marekani, Dennis Ritchie aliunda lugha ya C, na wenzake wakaitumia kuandika mfumo wa Unix. Lugha hiyo bado iko chini ya karibu kila kitu: simu yako, ruta ya intaneti, hata Python imeandikwa kwa C. Ndani ya C kulikuwa na kazi ndogo iitwayo gets. Kazi yake ni kusoma mstari mmoja ambao mtu ameuandika na kuuweka ndani ya bafa. Unaiambia bafa iko wapi, inaanza kumimina mpaka mtu abonyeze kitufe cha kumaliza mstari. Haikuulizi bafa ni kubwa kiasi gani. Na hapa ndipo wengi hawaelewi: si kwamba gets ilisahau kupima. Haikupewa namba ya kupimia. Hata ingetaka kuwa makini isingeweza, maana kitu pekee inachopokea ni anwani ya bafa.

Mtu atauliza, wale watu wenye akili hivyo, mbona waliiacha? Tunavyofikiri sisi, ni kwa sababu walikuwa wachache na walijuana. Aliyeandika programu na aliyeitumia walikaa jengo moja. Nani atakuandikia jina la herufi elfu moja? Labda rafiki yako akifanya mchezo, na mkicheka imeisha. Kwenye kijiji ambapo watu wote ni ndugu hakuna anayefunga mlango. Shida ni pale barabara inapofika.

Onyo lilikuwepo mapema. Mwaka 1972 James P. Anderson aliandikia jeshi la anga la Marekani ripoti juu ya usalama wa kompyuta, na ndani yake alieleza wazi kwamba mtu anaweza kupeleka data inayozidi nafasi, akaandika juu ya sehemu nyingine za programu, na mwishoni akaishika mashine. Ripoti ilisomwa na wataalamu. Programu zikaendelea kuandikwa vilevile.

Barabara ilifika tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Aliianzisha kupitia kompyuta ya chuo cha MIT. Intaneti wakati ule ilikuwa ndogo, kompyuta kama 60,000 hivi, na makadirio yaliyozoeleka ni kwamba 6,000 kati ya hizo ziliingiliwa. Programu yake ilitumia njia kadhaa: tundu katika programu ya barua pepe, kubahatisha maneno ya siri, na njia moja inayotuhusu leo. Kwenye mashine za Unix kulikuwa na huduma iitwayo finger. Unaiulizia mtu, inakujibu kama yupo. Unaipelekea jina tu, kwa mstari mmoja. Programu iliyopokea mstari huo ilitenga bafa ya baiti 512 (baiti moja ni kama herufi moja), na ilisoma kwa kutumia gets.

Morris akapeleka baiti 536.

Zile 24 za ziada zilikwenda wapi? Ndiyo lile gunia la unga. Programu inapoita kazi ndogo, kwanza inajiandikia kama kikaratasi: ukimaliza, rudi mstari fulani uendelee. Kikaratasi hicho kinawekwa kwenye kumbukumbu karibu kabisa na bafa. Data iliyofurika ikaandika juu yake anwani nyingine. Kazi ilipoisha, mashine ikasoma kikaratasi, ikatii, ikaruka hadi kwenye amri ambazo Morris mwenyewe alikuwa amezificha ndani ya zile baiti alizotuma. Basi mashine ikawa yake. Njia hiyo ilifaulu kwenye kompyuta za aina ya VAX tu. Kwenye aina nyingine programu ya finger ilianguka na kufa, na kwa mwenye mashine hiyo nayo ilikuwa shida, ila si kutekwa.

Tafadhali tazameni vizuri mahali penyewe. Palipovunjwa ni pale ambapo programu ilikuwa inangoja jina la mtu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kwa upande mmoja na polepole kabisa kwa upande mwingine. Haraka: mwezi uleule wa Novemba 1988 kikaundwa kituo cha CERT katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kazi yake kuratibu watu wakati wa majanga ya namna hii. Morris alipatikana na hatia mwaka 1990, akapewa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Polepole: gets yenyewe. Mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya tukio hilo, kanuni rasmi ya lugha ya C ilichapishwa na gets ikiwa ndani. Mwaka 1999 kanuni mpya, bado iko ndani. Iliondolewa mwaka 2011. Miaka 23! Sababu waliyokuwa wanatoa ni kwamba programu za zamani zinaitegemea, ukiitoa zitavunjika. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mtakuwa mmewahi kusikia sababu ya namna hiyo, juu ya fomu fulani ama utaratibu fulani ambao kila mtu anajua ni mbaya.

Katikati ya miaka hiyo 23 kuna tarehe 25 Januari 2003. Siku hiyo ilitoka programu nyingine inayojisambaza, iliyokuja kuitwa Slammer. Ilikuwa na baiti 376 tu. Ujumbe mmoja wa SMS unabeba baiti 140, kwa hiyo kitu kizima kingeingia kwenye SMS tatu na nafasi ikabaki. Kwa dakika 10 hivi ilikuwa imezifikia karibu kompyuta zote duniani zilizokuwa na tundu lile, zisizopungua 75,000, na mashine za kutolea pesa za benki kubwa Marekani zikaacha kufanya kazi. Tundu lilikuwa kwenye programu ya hifadhidata ya Microsoft, mahali inapopokea jina la hifadhidata ambayo mtu anaitaka. Tena jina! Na dawa ilikuwa imetolewa Julai 2002, miezi sita kabla. Watu hawakuiweka.

Kinga nyingine zilikuja njiani. Moja inatufurahisha sisi wa karibu na Kilembe kwa sababu ina asili ya mgodini. Zamani kwenye migodi ya makaa ya mawe Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege mdogo, kanari, ndani ya kizimba. Hewa ikiwa na sumu ndege anaanguka kwanza, na watu wanakimbia. Mwaka 1998 Crispin Cowan na wenzake walionyesha mfumo wao uitwao StackGuard: kati ya bafa na kile kikaratasi cha kurudia wanaweka namba ya siri, na wakaiita kanari. Kabla ya kutii kikaratasi, programu inaangalia kama namba bado iko sawa. Ikiwa imebadilika, basi kuna mafuriko, na programu inajizima yenyewe. Ni kinga nzuri, na siku hizi imeenea sana. Lakini kanari haizuii maji kuingia. Inakuambia tu kwamba yameshaingia.

Kuna mafuriko ya aina nyingine ambayo hayatokani na urefu ila na mwendo, na hapa tutaomba tutoke kidogo kwenye majina. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilipokea data kutoka kwenye modemu kwa kutumia chipu iitwayo 8250. Chipu hiyo ilishika herufi moja tu kwa wakati mmoja. Kwa mwendo wa kawaida wa 9600, herufi 960 zinafika kila sekunde, yaani programu ilikuwa na kama sehemu moja ya elfu ya sekunde kuja kuchukua herufi iliyopo kabla ya nyingine kutua juu yake. Ikichelewa, herufi imepotea, na hakuna wa kukuambia ilikuwa herufi gani. Baadaye ikaja chipu ya 16550 yenye nafasi 16. Unaweza kuona ni kidogo, lakini ilitosha kumpa mhudumu muda wa kupumua. Na kwa wakati ambapo hata 16 hazitoshi kulikuwa na makubaliano: anayepokea, akiona anakaribia kujaa, anamtumia mwenzake alama namba 19, maana yake ngoja, na akishapunguza anatuma namba 17, maana yake endelea. Alama hizo zinaitwa XOFF na XON.

Tulipojifunza hili, wengi wetu tulifikiri jambo lilelile bila kuambizana. Julai 2013, baada ya Kamango kushambuliwa tarehe 11, watu zaidi ya 60,000 walivuka kutoka Kivu Kaskazini na kuingia Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori kutoka hapa, kwa siku chache. Kilifunguliwa kituo cha kupitia pale Bubukwanga. Kituo cha kupitia ni bafa, hakuna jina lingine: watu wanafika, wanaandikwa, wanapata chakula, halafu malori yanawapeleka makazini, safari ile Kyangwali. Malori yakienda polepole kuliko watu wanavyofika, kituo kinajaa kupita kilivyopangwa, hata wahudumu wawe na moyo namna gani. Hesabu ni ileile ya chipu: unaweza kupanua bafa, ama uharakishe kutoa, ama umwambie anayetuma angoje. Sasa ile ya tatu ndiyo inayotutenganisha na mashine. Modemu inangoja bila kuumia. Mtu anayekimbia risasi hapokei XOFF. Kwa hiyo kwa upande wa watu zimebaki njia mbili tu, na wanaopanga bajeti za vituo vya mpakani, kuanzia Mpondwe hadi Bunagana, wanalijua hili kuliko sisi.

Turudi kwenye jina. Dawa ya gets ilikuwepo zamani, inaitwa fgets, na tofauti yake ni kwamba unaipa namba:

char jina[20];
fgets(jina, sizeof jina, stdin);

Hapo tumetenga baiti 20, na tumeiambia isipite ukubwa huo. Neno sizeof linahesabu lenyewe, ili siku ukibadilisha 20 kuwa 50 usisahau kubadilisha sehemu ya pili. Fgets inachukua 19, ya ishirini inaiacha kwa ajili ya sifuri inayoonyesha mwisho wa maandishi. Haifuriki kamwe. Mwalimu mwingi anaishia hapo, darasa linapiga makofi, na kitabu kinafungwa.

Lakini chukueni jina la mfano: Kambale Muhindo Jean-Baptiste. Pamoja na nafasi za katikati ni herufi 29. Programu yetu ya baiti 20 itapokea Kambale Muhindo Jea. Na n-Baptiste inakwenda wapi? Haipotei. Inabaki mlangoni inangoja. Programu ikiuliza swali linalofuata, tuseme kijiji cha kuzaliwa, fgets haimngoji mtu aandike, inachukua kilichopo mlangoni. Kijiji cha kuzaliwa: n-Baptiste. Umri unaingia jina la kijiji, na kuendelea hivyo hadi chini. Mashine iko salama kabisa, hakuna mwizi aliyeingia. Mtu ndiye ameharibika.

Kwa sisi wa pande hizi jambo hili lina uzito wa pekee, na tunaomba wafanyakazi wa mashirika wasiotoka huku wasome taratibu. Kwa Wanande wa Congo na Wakonzo wa Kasese, mtoto anapewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Mvulana wa pili kule ni Kambale, huku ni Bwambale. Wa tatu ni Kasereka kule, huku Masereka. Wa nne ni Kakule, huku Kule. Msichana wa kwanza ni Masika pande zote mbili. Simama siku ya soko Mpondwe uite Kambale kwa sauti, uone watageuka wangapi. Kwa hiyo jina la kwanza linasema wewe ni mtoto wa ngapi, na haliwezi kukutofautisha na maelfu ya wengine. Kinachokutofautisha kiko nyuma, kwenye jina la pili na la tatu. Na programu zote zinazokata, zinakata nyuma. Kambale Muhindo Jean-Baptiste na binamu yake Kambale Muhindo Jean-Bosco, ndani ya baiti 20, ni mtu mmoja. Mmoja wao ataambiwa ameshapokea.

Hatusemi kitu cha kubuni. Miongoni mwetu kuna mwenye karatasi tatu zenye majina matatu, moja limekatwa hapa, lingine pale, na kila mara anapokwenda kusajili laini ya simu ama kuandikisha mdogo wake shule anaambiwa alete barua ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Ofisi zilizotoa karatasi hizo hatutazitaja. Aliyekaa kwenye kompyuta hakumkata jina kwa makusudi, na inawezekana hata hakuona.

Tena kuna alama za Kifaransa. Sisi tuna akina Désiré na Jérôme wengi. Katika namna ya kuandika inayotumika sana leo, UTF-8, herufi é inakula baiti mbili. Désiré ana herufi 6 lakini baiti 8. Fgets inahesabu baiti, haijui herufi, kwa hiyo inaweza kukata é katikati, na mwisho wa jina kukatokea ile alama ya ajabu ya swali ndani ya almasi ambayo wote mmewahi kuiona. Kwenye SMS ni mbaya zaidi. Kipimo cha herufi 160 kilitokana na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alikaa nyumbani kwake Bonn na taipureta, akaandika sentensi za kawaida, akahesabu, akaona nyingi hazifiki 160. (Hatudhani kulikuwa na Kinande ndani.) Jedwali la herufi za SMS lina é, lakini ô halina. Andika Jérôme mara moja tu: ama simu inageuza ô kuwa o bila kukuuliza, ama ujumbe mzima unabadilishwa namna ya kuandikwa na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Uganda inatumia SMS kwa kazi nzito. U-Report ya vijana ilianza 2011, na vituo vya afya vimekuwa vikituma taarifa za magonjwa kwa mTrac. Kwenye njia kama hizo ô moja inaweza kula zaidi ya nusu ya nafasi.

Wengine watasema haya ni ya zamani, sisi tunatumia Python na fomu za Kobo, hakuna bafa ya kupima. Ni kweli lugha mpya zinapanua nafasi zenyewe, na kwa usalama hilo ni jambo kubwa. Lakini jina halibaki kwenye Python. Linakwenda kwenye hifadhidata, na huko mtu ameandika safu ya jina ni herufi 30, labda miaka kumi iliyopita, labda akifikiria majina ya kwao. MySQL kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikipewa jina refu kuliko safu ilikata, ikaandika onyo mahali ambapo hakuna anayesoma, na ikaendelea. Kisha jina linachapishwa kwenye kadi, na kadi nayo ina upana wake.

Programu yetu ya kuandikisha wanaokuja darasani inafanya hivi. Bafa ya jina ni baiti 240. Baada ya fgets tunatafuta alama ya mwisho wa mstari ndani ya bafa. Ikiwepo, jina limeingia lote, tunaendelea. Isipokuwepo, jina halijaisha: tunasoma na kumwaga herufi moja moja mpaka mwisho wa mstari ili zisiingie kwenye swali linalofuata, hatuhifadhi chochote, na programu inasema kwa Kiswahili kwamba jina limezidi nafasi, mwite mhusika. Mistari yote hiyo ni kama kumi. Hakuna mtu aliyefika 240 bado, aliye mrefu kuliko wote ana 47, lakini ule ujumbe tumeuacha. Kukataa kwa sauti ni afadhali kuliko kukata kimyakimya, kwa sababu anayekataliwa anajua na anaweza kubisha.

Sasa ombi letu kwa ninyi mnaofanya kazi na fomu, makarani, wa data, wa usajili. Leo ama kesho fungueni fomu yenu moja, andikeni kwenye nafasi ya jina Kambale Muhindo Jean-Baptiste Désiré wa Mangurujipa, mhifadhi, halafu mfungue tena muone kimebaki nini. Jina la shirika msiliweke. Tuandikieni hapa chini namba tu: ilipokea herufi ngapi, na ilipokata, ilikuambia ama ilinyamaza? Tutaziweka namba zote kwenye jedwali moja. Zamu ijayo ni ya kundi la kushona, sisi tutarudi baada ya hapo.